Juma Kuu Unguja: Kengele Zinapofungwa Mdomo

Jumatano

Boti ya saa moja asubuhi kutoka Dar es Salaam haikujaa. Ramadhani ya 2024 ilikuwa imeshavuka nusu, na wengi humo ndani walikuwa wafanyabiashara na watu wanaokwenda kumalizia mfungo na jamaa zao. Mimi nilikuwa na shughuli nyingine. Nilitaka kuzisikia kengele za Mji Mkongwe katika juma lile lile ambalo hunyamazishwa. Kwa Wakatoliki desturi iko hivi: kengele hupigwa kwenye wimbo wa Utukufu katika misa ya Alhamisi Kuu, kisha zinakaa kimya mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Mwaka huu kimya hicho kiliangukia ndani ya Ramadhani, mwezi ambao Unguja ndipo inapopaza sauti zaidi, kuanzia adhana na tarawehe hadi ngoma za daku. Nafasi kama hii haiji kila mwaka.

Mji unapoanza kuonekana kutoka baharini, jicho linakamatwa na ncha mbili zilizosimama sambamba juu ya mapaa. Hilo ndilo kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji hawajishughulishi na jina lake la ubatizo: wao husema Minara Miwili, basi. Pembeni kidogo upo mnara wa Mkunazini, wa Waanglikana. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani lililokuwa likitawala picha zote za ufukwe huu, sehemu yake kubwa ya mbele ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, kwa hiyo mstari wa mapaa una pengo ambalo macho yangu bado hayajalizoea.

Kabla ya kwenda kwenye kanisa lolote nilipita Malindi, karibu na bandari, kuutazama mnara wa Msikiti wa Bamnara. Una umbo la pia, mnene chini na mwembamba juu, umevikwa mikanda ya mapambo ya pembepembe, na minara ya namna hiyo katika pwani yetu ni ya kuhesabu. Nilianzia hapo kwa sababu. Watawala wa Kiomani walikuwa Waibadhi, dhehebu mojawapo la Uislamu, na Waibadhi wa zamani hawakuwa na hamu ya misikiti ya kujionyesha. Ndiyo maana misikiti mingi ya Mji Mkongwe huitambui mpaka uone viatu mlangoni. Katika mji ambao hata nyumba ya ibada ya wenye mji ilijiinamisha, mtu kuja kujenga mnara mrefu halikuwa jambo dogo.

Nimefikia Kajificheni, kwa mama mkwe wa dada yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za Tanga, kisha akataka kujua nimefuata nini safari hii. Nikamwambia kengele.

"Kengele?" Akacheka. "Mie kengele ya Mkunazini nshaisikia tangu n'naolewa nyumba hii. Kama ndiyo uliyoifuata, lala tu, itakuja yenyewe."

Alhamisi Kuu

Mkunazini ni mwendo mfupi kutoka nyumbani. Watalii walikuwa wachache, na wote walikuwa wakielekea kwenye vile vyumba vya chini ambamo husimuliwa kwamba watumwa walifungiwa, na kwenye sanamu za watu waliofungwa minyororo zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Ni haki yao. Mimi nilikaa uani shingo juu.

Soko la watumwa la hapa lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni. Eneo likanunuliwa, sehemu yake ikatolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, yule yule aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 na kutumia maisha yake kutafsiri Maandiko. Paa alilitaka liwe la kuba refu, mawe ya matumbawe yaliyosagwa yakachanganywa na saruji, bila nguzo hata moja katikati ya ukumbi. Watu wakangoja liporomoke. Halijaporomoka hadi leo. Steere mwenyewe alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Kuna hadithi ya mnara ambayo kila mwongozaji anayo, nami nilisimuliwa tena. Inasemekana Barghash alimwomba askofu asiuinue mnara wake ukapita Beit al-Ajaib. Askofu akakubali, na Sultani akatoa saa iwekwe mnarani. Watu hupenda kuisimulia kama mfano wa uvumilivu wa dini. Mimi naisikia kwa sikio jingine: naona wazee wawili wa mji wakipatana bei. Mmoja anauza urefu, mwingine analipa kwa saa. Na tazama alivyolipa kwa akili. Mnara wenye kengele peke yake unawaita Wakristo, lakini ukishautia saa umekuwa wa kila mtu, maana hata asiyekubali neno moja linalosemwa mle ndani ataangalia juu kujua kama amechelewa sokoni.

Ndani nilipita haraka. Zile nguzo ndogo za upande wa magharibi, ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati askofu hayupo, ziko pale pale na zinavuta kamera kuliko altare. Msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ulipozikwa moyo wa mpelelezi Mwingereza David Livingstone, ni mdogo kuliko nilivyokuwa nikiuwazia. Jambo moja halisemwi kwa sauti ya kutosha hapa uani. Soko lilifungwa 1873, lakini hali yenyewe ya utumwa Unguja na Pemba ilikuja kufutwa kisheria mwaka 1897. Kwa hiyo kanisa hili lilisimama, likaezekwa na kuanza kuita watu kwenye ibada, huku nyumba za jirani bado zikiwa na watumwa kwa mujibu wa sheria.

Jioni nikaenda Minara Miwili. Kulitafuta kanisa hili kwa miguu ni mchezo. Ukiwa baharini au juu ya paa unaliona bila shida, lakini ukiingia vichochoroni kuta za ghorofa tatu zinalimeza. Unakata kona ya Baghani, ncha moja inachungulia, unakata nyingine, hakuna. Nilifika kwa kuwafuata akina mama waliovaa vitenge vya kwaya. Mlango mkubwa wa mbele mara nyingi hufungwa, watu huingilia uani.

Lilijengwa na wamisionari Wafaransa kati ya 1893 na 1898. Vioo vya rangi na vigae vililetwa kutoka Ufaransa, na uso wake wa minara pacha huwakumbusha watu kanisa kuu la Marseille. Kwa Barghash hapakuwa na wa kuomba ruhusa ya urefu: alikuwa amefariki 1888. Kazi ikiendelea, Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Sultani kwa mizinga kwa muda usiotimia saa nzima, na mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika vibaya hata ukabomolewa. Mwaka uliofuata ukajengwa mnara wa saa ulioshikamana na jumba lenyewe. Waza mafundi wa Minara Miwili asubuhi ile: wanapandisha mawe yao juu, na ng'ambo ya mapaa mnara wa wenzao unapasuliwa.

Misa ilianza, padri akaimbisha Utukufu kwa Mungu juu, na kengele zikapigwa zote pamoja, zile ndogo za watumishi wa altare na ile ya juu. Humo ndani sauti ya juu haiji kama ulimi unaogonga shaba. Inashuka ukutani, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Ikaendelea mpaka Utukufu ukaisha. Halafu basi. Kuanzia hapo kila kitu kilifanywa bila kengele, hata wakati wa mageuzo ya mkate na divai, ambapo mkono wa mtumishi wa altare aliyepiga magoti mbele yangu ulikwenda kwenye kengele kwa mazoea, ukasita, ukarudi.

Nilitoka kichochoroni harufu ya kaimati ikiwa imeshajaa hewani. Adhana ya magharibi ilinikuta karibu na nyumbani, na mwenyeji wangu, Bi Mkubwa, alikuwa ameniwekea tende.

Ijumaa Kuu

Leo mji mzima umefunga, kila mtu kwa kitabu chake. Migahawa imefungwa au imeshusha mapazia, na mimi kwa mara ya kwanza nimefunga Ijumaa Kuu mahali ambapo hakuna jirani hata mmoja anayenitega kwa harufu ya chapati.

Saa sita za mchana ndizo nilizozingojea. Siku za kawaida, kanisani kwa Wakatoliki, kengele ya sala ya Malaika wa Bwana hupigwa asubuhi, mchana na jioni: mapigo matatu, kituo, matatu, kituo, matatu, kisha tisa mfululizo. Leo saa sita ilipita Baghani bila chochote. Kilichojaza nafasi ni hotuba za Ijumaa, vipaza sauti vya misikiti vikipishana, mmoja ukianza kabla mwingine haujamaliza.

Ibada ya mateso ya Bwana ilikuwa saa tisa alasiri. Pale ambapo kengele ingelia, mtumishi wa altare aligonganisha vibao viwili vya mbao. Ko. Ko-ko. Ni sauti kavu isiyobaki hewani hata nukta moja baada ya pigo, na nadhani ndiyo maana ilichaguliwa, kwa sababu shaba hata ukiipiga kwa huzuni ina kitu cha sherehe ndani yake. Watoto waliokuwa kiti cha mbele walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hawakucheka.

Baada ya futari (muhogo wa nazi na samaki, na tambi ambazo kwa Mkristo ni chakula cha asubuhi, lakini sikubishana) nilitoka kwenda kwenye baraza ya jirani, ambako muuza kahawa huweka birika lake. Kulikuwa na wazee wanne. Mmoja wao, mwalimu mstaafu wa chuo cha Kurani, aliposikia nilichokijia, akasogea kunipa nafasi.

"Wajua mwanangu, kengele ilikaribia kuwa yetu sisi."

Akasimulia, nami naiandika kama alivyoipanga. Madina, Waislamu walipokuwa wengi, walishauriana namna ya kuitana kwenye sala. Mmoja akasema tuwashe moto, mwingine akasema tupige pembe kama Mayahudi, na mwingine akataka chombo cha kugonga kama cha Wanasara, yaani Wakristo. Hawajaafikiana, sahaba Abdullah bin Zaid akaota ndoto. Alimwona mtu amebeba kile chombo cha Wanasara, akamtaka amuuzie ili waitie watu sala. Yule mtu akamwambia: nikuonyeshe kilicho bora kuliko hiki? Akamfundisha maneno ya adhana. Asubuhi akampelekea Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akasema ni ndoto ya kweli, amfundishe Bilal, kwani Bilal ana sauti nzuri zaidi.

"Kwa hiyo," akasema mzee, "pale mwanzo mwanzo kengele ilishindwa na sauti ya mtu. Tena mtu mweusi aliyekuwa mtumwa."

Nikamuuliza chombo chenyewe kilikuwa cha namna gani, shaba au nini.

"Shaba wapi! Ubao. Wanasara wa huko Sham walikuwa wakigonga ubao kwa kijiti."

Nikamweleza nilichokisikia saa tisa, vibao viwili, ko, ko-ko. Mzee alinyamaza kidogo, akamwambia muuza kahawa anijazie kikombe, kisha akawageukia wenzake akawasimulia upya habari ya vibao kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kanisani.

Jumamosi

Asubuhi nilipanda daladala ya njia ya uwanja wa ndege, nikashuka na kukata kushoto na kulia mpaka Mbweni. UMCA walinunua shamba hapa mwaka 1871, wakawaweka watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kanisa la Mtakatifu Yohana likajengwa 1882. Mnara wake ni mfupi, wa kijijini, haushindani na mtu. Makaburini amelala Caroline Thackeray, aliyeongoza shule ya wasichana ya hapa tangu 1877, akaishi Unguja mpaka kifo chake 1926. Mvua ya masika ikanikuta pale pale, nikajibanza ukutani nusu saa nzima. Mengine ya Mbweni sina.

Mkesha wa Pasaka ulianza usiku, wakati misikiti nayo iko kwenye tarawehe. Moto mpya ukawashwa uani Minara Miwili, mshumaa wa Pasaka ukaingia kwenye giza, tukasomewa masomo marefu yale: uumbaji, Ibrahimu na mwanawe, Bahari ya Shamu. Kupitia madirisha tulikuwa tunasikia kisomo cha imamu kikiruka ukuta wetu. Nilijaribu kukerwa nikashindwa, kwani somo letu lilikuwa juu ya Musa na Farao, na sikujua kama lao pia halikuwa hilo hilo.

Halafu Utukufu. Taa zote zikawashwa kwa mkupuo, kengele zikaachiwa. Watumishi wa altare walitikisa zile ndogo kama watu waliokuwa na deni, na ya mnarani ikaingia juu yao. Mama aliyekuwa karibu yangu alipiga kigelegele, akafuatwa na wengine. Baada ya siku mbili za vibao, unaelewa kwa mwili kazi ya shaba ni nini: pigo moja halijaisha, la pili linalikuta njiani.

Sikulala sana. Ngoma ya daku ilipita Kajificheni mapema kabla ya alfajiri, vijana wakiita watu waamke wale. Bi Mkubwa aligonga mlango wangu. "Na wewe amka ule. Umefunguliwa, sivyo? Jana nimezisikia."

Pasaka

Ibada ya asubuhi nilikwenda Mkunazini. Baada ya ibada nilitambulishwa kwa mzee mmoja mwenye kofia ya ukili, aliyewahi kupiga kengele miaka mingi katika kanisa la upande wa bara kabla hajahamia kwa mwanawe Unguja. Huyu ndiye niliyekuwa namtafuta bila kujua.

Alinifundisha mambo ambayo kwa muda wote nimekaa kanisani sikuyajua. Kengele nzuri ni shaba nyekundu karibu sehemu nne kwa sehemu moja ya bati. Ukizidisha bati inakuwa na sauti kali lakini inavunjika upesi, ukipunguza inalia kama sufuria. Unene mkubwa uko mdomoni, pale ulimi unapogonga, na ulimi hutengenezwa kwa chuma laini kuliko kengele ili ukilika, ulike wenyewe. Ulimi ukigonga pahali pamoja miaka na miaka, pahali pale panatoka shimo, na dawa yake ni kuigeuza kengele kidogo ili ulimi upate pahali papya.

Kilichomtia hasira ni uvivu wa kamba. "Kuna watu wanafunga kamba kwenye ulimi, wanauvuta ugonge kengele imesimama. Kazi nyepesi, mtoto anaweza. Lakini kengele ikibembea, ulimi unagusa na kuachia. Ukiuvuta kwa kamba, unagusa na kung'ang'ania, shaba haipati nafasi ya kutetemeka. Siku moja inapasuka. Ikipasuka basi, hakuna gundi, unairudisha motoni."

Nikamuuliza kisiwani tatizo liko wapi. Akaonyesha baharini kwa kidevu. Chumvi. Shaba yenyewe huvumilia, inafanya kutu ya kijani na kukaa nayo. Adui ni vyuma vinavyoishikilia: boliti, mhimili, vibano. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba ndani ya ukuta wa matumbawe kinaupasua ukuta. Kwa hiyo ukiona ufa kwenye mnara wa pwani usianze kuulaumu msingi, tafuta kwanza chuma kiko wapi.

"Na nani anapanda kutia grisi?" nikauliza.

"Hilo sasa ndilo swali," akasema, na akaanza kuwahesabu kwa vidole vijana wa mtaani wanaoogopa popo.

Jumatatu ya Pasaka

Kabla ya kwenda bandarini nilipitia Hurumzi, kwa sababu Bi Mkubwa alinisuta: nimezunguka juma zima nasema kengele, kengele, na sijafika kwa Wahindi. Kweli, kwenye hekalu lao kengele haiko juu ya mnara. Imening'inia mahali pa kufikiwa na mkono, na anayeingia huipiga mwenyewe. Wakati nimesimama nje ilipigwa mara mbili tatu, kwa mkono mwepesi, bila kamba wala mpigaji maalumu.

Yule mzee wa baraza alinikuta njiani na begi, akanisindikiza hadi kona ya Malindi. Alikuwa na swali tangu Ijumaa. Alitaka kujua kama vibao vile ni lazima viwe vya mti fulani, au mti wowote unafaa. Nilimwambia sijui, nitauliza. Akasema nisiulize Dar, huko wataninunulia vya plastiki.